Yai la Kobe Haligeuzwi

Alabio, 2 Novemba 1986

Kwa Julak Tarmizi, kaka mkubwa wa marehemu mama,

Assalaam alaykum. Abah na mimi, baba na binti, tu wazima. Mvua zimeanza na maji ya kinamasi yanapanda taratibu kuelekea nguzo za nyumba, kama kila mwaka. Najua huipendi barua inayoanza na "sina mengi", basi jua mapema kwamba nina mengi.

Nini Hirang ametaga.

Ndiyo, kobe wa mama, yule mweusi aliyempa jina la bibi kwa sababu ya makunyanzi ya shingo. Wiki iliyopita nilimkuta anarudi kinyumenyume kizimbani, anakokota majani kwa miguu ya nyuma, mpaka akafanya chungu kubwa kupita goti langu. Akataga humo ndani, akafunika, na sasa amesimama mbele yake kama askari wa zamu. Jirani yetu Acil Imar alikwenda kuangalia, akang'atwa kiatu cha mpira. Amerudi akisema kobe huyo amechukua tabia za mama.

Unakumbuka mama alivyomngoja. Kila msimu alisema, "Mwaka huu ananipa wajukuu," na watu wakamwambia amenunua dume sokoni kwa bei ya jike. Sasa mayai yamekuja na yeye hayupo.

Shida ni maji. Kizimba kiko bondeni, na kabla mayai hayajaanguliwa kitakuwa ziwa. Lazima niyapandishe mayai ndani ya nyumba. Duka moja la Amuntai linauza mashine mpya ya kutotolea vifaranga, ya umeme, ina kioo mbele na trei inayoyageuza mayai yenyewe. Ni nzuri kweli. Nina akiba yangu ya kushona, sihitaji msaada, nataka ushauri tu. Niichukue?

Ningemuuliza Abah, maana hapa Alabio nani anajua kutotoa kuliko yeye? Lakini tangu mazishi hajakanyaga kizimbani. Hata nyumba yake ya kutotolea bata ameifunga, na matenga yameota buibui. Watu wakimletea mayai anawaambia wapeleke kwa wengine. Siku nzima anakaa kwenye ngazi za nyuma na sigara yake ya karafuu. Nilipomwambia Nini Hirang ametaga, alisema, "Alhamdulillahi," akageukia upande wa pili.

Julak, nataka yaanguliwe. Hata moja tu.

Mwanao,
Arbayah


Malang, 11 Novemba 1986

Galuh wangu,

Waalaykum salaam. Barua yako, binti yangu, nimeisoma mara mbili: kwanza kama mjomba, halafu kama mwalimu wa biolojia aliyestaafu na asiyepata tena wa kumfundisha. Vumilia basi, maana umempata mtu mwenye kiu.

Mashine ile usiinunue. Ni nzuri, sikatai, lakini imetengenezwa kwa ajili ya ndege. Joto lake ni la kuku na bata, na joto hilo litayapika mayai ya kobe. Feni yake hukausha hewa, na kobe wa msituni kama wako anataka unyevu wa majani yanayooza. Halafu hiyo trei unayoisifu ndiyo mbaya kuliko yote.

Nikueleze kwa nini. Ukivunja yai la bata kwenye sahani utaona nyuzi mbili nyeupe zilizosokotwa, moja kila upande wa kiini. Nyuzi hizo hukishika kiini kikae katikati, na bata mama hulipindua yai kwa mdomo kutwa nzima ili mtoto asigande kwenye ganda. Yai la kobe halina nyuzi hizo. Mtoto akianza kuumbika tu, hupanda juu akajishika kwenye ganda, na hapo ndipo apatapo hewa. Ukiligeuza yai, umemtumbukiza chini na mzigo wa kiini umemwangukia. Anakufa kimya, na wewe hujui mpaka harufu ikuambie. Yai la kobe haligeuzwi. Liandike hilo ukutani.

Sasa vifaa. Tafuta sanduku la mbao la majani ya chai, kubwa. Ndani yake weka beseni, na katikati ya beseni na mbao shindilia pumba za mpunga ili joto lisitoroke. Ndani ya beseni weka makumbi ya nazi yaliyopondwa, uyaloweke kisha uyakamue: ukifumba konzi maji yasidondoke, ukifumbua yabaki donge. Fukia kila yai nusu yake. Juu funika kwa kioo, lakini kioo kilale mshazari, matone ya mvuke yateremkie pembeni yasiyaangukie mayai. Ukiweza kuvuta umeme, balbu ndogo ndani ya kopo la bati inatosha, maana tunataka nyuzi ishirini na nane hivi, basi. Hata chumba chenu chenyewe kinakaribia hapo.

Usitumie kile kipimajoto cha homa alichokuwa akipimwa mama yako. Kinaanza kuhesabu pale ambapo kobe amekwisha kufa. Nimekufungia kimoja cha maabara, kimo ndani ya soksi zangu. Soksi ni safi.

Kabla hujaliinua yai lolote, liwekee alama ya penseli juu kabisa, na ulibebe alama ikitazama mbingu, kama unayebeba bakuli la supu. Likiwa hai utaona doa jeupe linatokea upande wa juu na kutanuka kama kofia.

Abah yako msalimie. Yeye, shemeji yangu Kursani, ni kobe mwingine, na wahenga walisema kobe akiinama anatunga sheria. Usimharakishe.

Wako,
Julak


Alabio, 23 Novemba 1986

Kwa Julak,

Soksi zimefika, na kipimajoto hakikuvunjika. Acil Imar anasema soksi ni nzuri, anaomba kujua kama utazidai.

Mayai yamekwisha pandishwa. Tulimlaghai Nini Hirang kwa cempedak, lile fenesi dogo, lililoiva mpaka likanuka nyumba tatu. Alipokuwa akila, mimi nilifukua huku Acil Imar amesimama kati yetu ameshika ungo kama ngao. Kobe aligundua tulipokuwa tumebakiza machache, akaja mbio. Sikujua kobe ana mbio. Ungo una tundu sasa. Mayai ni mengi kuliko nilivyotarajia, ya mviringo kama mipira ya kuchezea, na yote yana alama yangu ya penseli. Baada ya hapo Nini Hirang aliendelea kulinda chungu tupu, nami nikaona haya kumpita.

Sanduku nimeliweka chumba cha mama, kwa sababu ukuta wake haupigwi na jua. Kila usiku kabla ya kulala naingia na taa kuyachungulia. Kofia nyeupe zimeanza, Julak. Nilipoziona nilikaa kitandani kwa mama nikalia kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu zinafanana na mahaji waliojipanga.

Ila joto linanitesa. Umesahau tulivyo: umeme wetu huja magharibi na kuzimika alfajiri, na taa zenyewe hupumua, mara nyekundu mara nyeupe. Mchana bati linachemka, usiku wa mvua kuna baridi hadi natafuta blanketi. Kipimajoto kinapanda na kushuka kama mpanda minazi. Nifikirie taa ya chemli, kama wanavyotumia wenye bata siku hizi?

Abah hajauliza kitu. Ila nadhani Acil Imar huingia kuchungulia nisipokuwepo, maana kioo nakikuta kimesogea kidogo, na chumba kinanuka karafuu.

Mwanao,
Arbayah


Malang, 3 Desemba 1986

Galuh,

Soksi mpe Acil Imar, ziwe fidia ya ungo.

Taa ya chemli hapana. Moshi wake hupenya ganda, na moto wake huchoma upande mmoja na kuusahau mwingine. Wenye bata huimudu kwa sababu wanayageuza mayai, kwa hiyo kila upande hupata zamu yake. Wewe huwezi.

Sikiliza, shida yenu siyo joto. Joto mnalo. Shida ni kupanda na kushuka, na dawa ya kupanda na kushuka ni kitu kizito kinachopokea joto polepole na kulitoa polepole. Maji hufanya hivyo: chupa zilizojaa, zikipangwa kandokando ya beseni. Lakini kipo kitu bora zaidi, na kimo uani kwenu. Kabla taa za chemli hazijafika Alabio, baba yake Abah yako aliatamia mayai ya bata kwa mpunga. Aliuanika juani mpaka ukawa moto wa kuvumilika mkononi, akaujaza matengani, na mayai yakalala humo usiku kucha kama watoto ndani ya shuka. Nilikwenda kuona siku nilipomsindikiza mama yako kuolewa. Nilitia mkono wangu ndani ya tenga nikasahau kuutoa, na wakwe wakadhani nimeibiwa akili.

Kiasi cha mpunga, unene wa gunia, saa ya kuuingiza na saa ya kuutoa, mimi sivijui. Abah yako anavijua. Muulize. Usimuulize habari za kobe, muulize habari za mpunga.

Jambo la mwisho. Acil Imar, kwa jinsi nimjuavyo, anatafuna tambuu, havuti sigara. Na mayai pia hayavuti. Angalia alama zako mchana.

Julak


Alabio, 5 Desemba 1986

Julak,

Sijapata jibu lako bado, lakini siwezi kungoja. Ningepiga telegramu, ila sikujua niandike nini kwa maneno machache.

Leo adhuhuri nilirudi mapema kutoka kwa fundi ninakoshona. Niliingia chumba cha mama. Alama za penseli hazikuwepo. Niliinama nikapekua makumbi kwa ncha ya kidole, nikaziona ziko chini, zote, na zile kofia nyeupe nazo zimetazama chini.

Jioni nilijificha nyuma ya pazia. Baada ya sala ya alasiri Abah aliingia, amenawa mikono, mikono ya shati ameipandisha. Alisogeza kioo bila kukigonga. Akayageuza mayai moja moja, kwa kiganja, namna ile ile ya kwenye matenga ya bata, huku anamswalia Mtume kwa sauti ya chini. Alipomaliza alama zikawa zimerudi juu. Kumbe ana utaratibu wake: alfajiri na alasiri. Mimi nilikuwa nikichungulia usiku, wakati kila kitu kimekwisha kaa sawa, ndiyo maana sikujua. Sijui ameanza lini. Harufu ya karafuu nimeinusa tangu wiki ya kwanza.

Na alikuwa anatabasamu, Julak. Tangu mama aondoke sijamwona akishika yai. Mara ngapi nimemsikia akiwaambia vijana wa bata, "Yai lisiloguswa linajiona yatima"? Anadhani mimi nimeyasahau. Anadhani anayaokoa.

Nilingoja atoke, alama zikiwa juu, nikafunga chumba kwa kufuli. Nimesema paka wa jirani anaingia. Abah alinitazama, akatazama kufuli, akarudi kwenye ngazi zake. Usiku hakula.

Yamekufa yote? Na nikimwambia kwamba mikono yake ndiyo iliyoyaua, nitamwambiaje? Nikikaa kimya na yakioza, atajua tu. Niambie nifanye nini.

Arbayah


Malang, 14 Desemba 1986

Galuh wangu,

Telegramu yangu ya jana nadhani imekufikia: USIGEUZE. MWAMBIE. BARUA YAJA. Karani wa posta ananijua, akanishika mkono akaniuliza kama naumwa, kwa sababu hajawahi kuniona nikiandika maneno machache namna ile.

Kwanza, ulifanya vyema kungoja alama zirudi juu kabla hujafunga. Wanafunzi wangu wengi wasingewaza hivyo. Yaache sasa yalivyo.

Yamekufa? Mengine ndiyo, nisikudanganye. Lakini yai halisomi vitabu vyangu. Lipo linalokufa kwa kutikiswa mara moja, na lipo linalovumilia mengi. Kursani hatikisi. Mikono ile imeshika mayai tangu utotoni, na naamini iliyageuza kwa utaratibu kuliko mashine yoyote ya duka la Amuntai. Huo siyo uhakika, ni tumaini, lakini lina sababu.

Usiku chukua tochi, izungushie kitambaa chenye tundu dogo, uiegeshe kwenye yai bila kuliinua. Ukiona mishipa myekundu kama mizizi, au giza zito lenye ukingo, mtoto yupo. Ukiona manjano tupu kama taa ndani ya chai, hayupo. Lakini usifanye kazi hiyo peke yako. Ifanye na Abah yako, kwa sababu macho yake yamemulika mayai mengi kuliko macho ya watu wote ninaowajua.

Ndiyo, lazima umwambie. Ulivyofunga kufuli, ulidhani unamficha ubaya, lakini yeye ameona tu kwamba mlango wa chumba cha mkewe umefungwa na bintiye. Hilo ni zito kuliko yai. Nimemwandikia barua, nimeitia humu. Usimpe mpaka umekwisha kumwambia kwa mdomo wako. Jambo kama hili mtu asilipokee kwenye karatasi kabla hajalisikia kwa mwanawe.

Na umwambie akiwa na kazi mkononi. Wanaume wa Alabio husikia vizuri zaidi mikono ikiwa na shughuli.

Julak


Malang, 14 Desemba 1986

Ndugu yangu Kursani,

Assalaam alaykum. Arbayah amekwisha kukwambia, la sivyo barua hii isingekuwa mkononi mwako. Sitairudia habari yenyewe. Nataka tu nikueleze jambo moja la maumbile, nawe univumilie kama ulivyonivumilia siku ya harusi yako nilipowaeleza wakwe habari za ini la bata wakati wa kula.

Bata mama hulalia mayai yake na kuyageuza kutwa. Huo ndio ulezi unaoujua, na ndio uliowalisha baba yako na babu yako. Nini Hirang ana ulezi mwingine. Hukusanya majani, hutaga, hufunika, halafu husimama kando. Kenge akija humpiga kwa gamba. Mvua ikija hunyeshewa. Ila mayai hayagusi tena. Ukimwona utadhani ameyaacha, kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza, na nadhani kazi hiyo ni ngumu kuliko ile ya bata.

Nakuomba unisaidie kuifanya. Makosa ni ya kutokujua, na mimi niliyejua nilimwandikia mtoto nikasahau kukuandikia wewe, mwenye nyumba. Sasa nahitaji mpunga wako. Joto la huko linapanda na kushuka, na mimi na vitabu vyangu hatuna jibu zuri kama lile tenga la marehemu baba yako. Weka mpunga nje ya sanduku, siyo ndani. Kisha kaa. Usiguse.

Saniah alimngoja kobe yule bila kumharakisha. Mimi ndugu yake sikuwahi kuwa na subira hiyo.

Wako,
Tarmizi


Alabio, 29 Desemba 1986

Kwa Kaka Tarmizi,

Waalaykum salaam. Barua yako ni ndefu, nimeisoma kwa vituo kama mtu anayesafiri kwenda Banjarmasin. Ya kwangu fupi. Mwandiko usinicheke, mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa naposa.

Mtoto aliniambia kwenye ngazi za nyuma, naparua samaki. Nilimaliza kuparua. Nikachukua mtumbwi nikaenda kwenye mabanda ya bata huko kinamasini, nikalala huko. Kesho yake nikalala tena. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa natazama mikono yangu.

Kaka, sikuyageuza kwa sababu ya bata peke yake. Wewe hukuwepo miezi ile ya mwisho. Muuguzi wa Amuntai alinifundisha: mgeuze mkeo alfajiri na alasiri, usipomgeuza ataota vidonda. Nikamgeuza. Hakuota hata kimoja, muuguzi mwenyewe alishangaa. Saniah alikuwa ananitania, "Kursani, mimi siyo bata wako." Alipoondoka, saa zile mbili zikabaki na mimi. Ikifika alfajiri mikono inaamka kabla yangu. Ikifika alasiri haina pa kwenda. Ndipo mtoto akaweka mayai chumba kile kile.

Basi. Hiyo ndiyo habari yake. Arbayah sijamwambia. Mwambie wewe ukiona inafaa, wewe unajua kueleza.

Mpunga nimeleta mtumbwi mzima. Nauanika, nautia magunia membamba, nayapanga kuzunguka sanduku magharibi, nayatoa jua likipanda. Kipimajoto chako cha soksi sasa kimesimama kama askari. Mwandikie aliyekitengeneza asiwe na wasiwasi.

Tumeyamulika na mtoto. Mengi ni chai tupu, kama ulivyosema. Nayo nimeyatoa mimi mwenyewe nikayazika kizimbani, pale mama yao alipochunga. Hakunipiga. Yaliyobaki ni machache. Moja lina mizizi myekundu kama mkoko. Niliendelea kulitazama mpaka Arbayah akaniambia Abah, betri zinaisha.

Alfajiri na alasiri naingia, nakaa kwenye kiti. Siyagusi. Kazi hii ni ngumu, kweli kabisa.

Ndugu yako,
Kursani


Alabio, 20 Januari 1987

Kwa Julak,

Assalaam alaykum. Barua yako iliyonieleza habari ya alfajiri na alasiri niliisoma chooni, mahali pekee nyumbani kwetu penye mlango wa kuaminika. Sikumwambia Abah kwamba najua. Nilimpikia samaki wa papuyu na tui, akauliza kuna sherehe gani, nikasema hakuna.

Sasa nikueleze, kama wewe unavyopenda, kwa mpangilio.

Ijumaa, Abah aliingia chumbani baada ya alasiri kama kawaida, akatoka upesi mno akaniita kwa kidole. Yai moja lilikuwa na ufa, na kwenye ufa palikuwa na pua. Tulikaa. Pua ikapumzika. Jioni ikatoka ncha ya mguu, nao ukapumzika. Kwa bata, unajua, kifaranga akichelewa Abah humbandulia ganda kidogo kwa ukucha, akampulizia. Nilimwona anavyohangaika. Mwisho akaikalia mikono yake, Julak, ameiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kuchovya sukari, na hivyo ndivyo alivyokaa mpaka adhana ya isha. Acil Imar alikuja na keki za mchele, akamwuliza kama ana baridi. Akasema, "Nyamaza, niko kazini."

Yule wa kwanza alitoka kesho yake akiwa na kipande cha kiini kimebaki tumboni. Nikaogopa, lakini nikakumbuka uliwahi kuniambia kuwa hicho ni chakula chake cha njiani, tukamwacha humo humo hadi akakimaliza. Wenzake wakafuata. Yaliyobaki hayakuanguliwa yote, mawili yaliishia njiani, na Abah aliyazika uani, mahali pa juu. Walio hai ni watano. Wana rangi ya majani makavu na sura za wazee waliokasirishwa na bei za sokoni.

Tulimpelekea Nini Hirang mmoja amwone, uani, maana kizimba kimejaa maji na yeye tumemhamishia chini ya jiko. Alimtazama, akafumba macho, akaendelea kula mchicha wa maji. Abah akasema, "Saniah naye angefanya hivyo hivyo mbele za watu, halafu angelia jikoni."

Ni mara ya kwanza kulitaja jina la mama tangu mazishi.

Jana asubuhi nilisikia ufagio. Nikadhani ni Acil Imar. Nilipotazama dirishani, mlango wa nyumba ya bata uko wazi, matenga yameanikwa juani, na Abah amevaa kilemba cha utando wa buibui kichwani bila kujua. Mzee Hamli alikuwa anapita na mayai yake akielekea kwa watu wengine, Abah akamwita, akamwambia kwa ukali kwamba tangu lini mayai ya Hamli yanapita mlango huu bila kusimama.

Nimalizie na hili, kisha nikapeleke barua posta kabla mtumbwi haujaondoka.

Leo alfajiri niliamka nikasikia Abah yuko chumba cha mama. Kufuli nililitupa zamani, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Mmoja wa wale watoto, yule mdogo kuliko wote, alikuwa amepinduka chali, miguu minne inapiga hewa. Abah ameunyoosha mkono, umesimama katikati, haushuki haurudi. Akasikia nyayo zangu. Hakugeuka.

"Galuh," aliniambia polepole, "huyu naye hageuzwi?"

Nikamwambia, "Huyu mgeuze, Abah."

Akamgeuza kwa kidole kimoja.

Mwanao,
Arbayah